Siku Aliyomrudisha Dada Yake

Kwenye kitengo chetu cha eksirei hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Shusha Bega. Jina hilo walimpa wagonjwa, maana kila mwanamke aliyeingia chumba namba sita kupigwa picha ya matiti alitoka akiwa ameambiwa maneno hayo si chini ya mara nane: "Shusha bega, mama. Legeza shingo. Shusha tena kidogo, hivyo hivyo." Ukiinua bega, kifua kinakaza, titi linarudi nyuma, na sehemu ya karibu na kwapa inabaki nje ya picha. Na yeye alikuwa hapendi picha yenye pengo. Alirudia mpaka ikae sawa.

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi. Meza yangu ilitazamana na mlango wake, hatua sita tu. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nilimwona yeye kuliko nilivyomwona mume wangu. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe, siku ambazo hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na viatu vya mpira visivyotoa sauti. Mezani kwake ilikaa chupa ya chai ambayo haikuwahi kutiwa chai. Ilikuwa na maji ya moto ya kunawia mikono kabla hajamgusa mtu, na ya kulowesha kitambaa cha kupangusia ile sahani ya mashine, ambayo asubuhi ilikuwa baridi kama sakafu. Daktari mgeni aliwahi kujimiminia kikombe kizima, akatia na sukari, akanywa nusu ndipo akauliza ni chai ya aina gani hii.

Akina mama walifika pale wakitetemeka. Wengine walikuwa wameambiwa na majirani kwamba mashine inakata, wengine kwamba inanyonya damu. Shusha Bega aliwaonyesha kila kitu kabla hajaanza. "Hii sahani ya chini unaweka titi. Hiki kibao cha plastiki kinashuka kutoka juu, kinalibana liwe bapa, ndipo uvimbe ukose pa kujificha. Picha nne tu, mbili huku na mbili huku. Naomba sekunde chache za maisha yako." Bibi mmoja alipobanwa akapaza sauti mpaka korido nzima ikasikia: "Mume wangu nimekaa naye miaka arobaini, hakuwahi kunibana hivi!" Benchi zima likacheka, na hofu ya siku ile ikaishia hapo.

Kitu kimoja tu hakuwa na mzaha nacho, nacho ni foleni. Mke wa mganga mkuu alikaa benchini kama wengine. Mwenyekiti wa bodi alipomtuma binti yake na kikaratasi cha kuomba apitishwe haraka, Shusha Bega alikisoma, akakikunja vizuri, akamrudishia na kumwonyesha mahali pa kukaa. Wanawake wa kawaida walimpenda kwa hilo. Walijua mlango ule haukuwa na mwenyewe.

Sasa nimtaje dada yake, kwa sababu ndiye habari yenyewe.

Mama yao alikufa kwa homa siku kumi na moja baada ya kumzaa Shusha Bega. Dada mtu wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa, na ana binti wa miezi mitatu. Alikuja msibani na mtoto wake mgongoni, akaondoka na watoto wawili. Hakuuliza mtu. Aliwanyonyesha wote wawili, binti yake ziwa la kushoto na mdogo wake ziwa la kulia, na kama mmoja alimaliza mapema akaanza kudai la mwenzake, alichapwa kikofi kidogo cha makalio. Ndivyo walivyokua, mtu na mama yake mdogo, wakigombania kijiko, daftari na kitanda. Binti alikuwa mkubwa kwa miezi mitatu, na hilo hakuliachia. "Shikamoo, mama mdogo," alikuwa akimwambia shuleni mbele ya watu, "na uniletee maji, mimi ni mkubwa wako."

Dada alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule. Alianza na mashine moja sebuleni, akaishia na karakana ya mashine tano nyuma ya nyumba, na wafanyakazi waliomwita Kamanda. Kwa masweta hayo alimsomesha binti yake mpaka akawa mwalimu wa hesabu, na akamsomesha mdogo wake mpaka akaijua eksirei. Siku Shusha Bega alipopata kazi, Dada alimfumia sweta jeupe la kazini. Lilikuwa kubwa mno. "Utanenepa," alisema. "Serikali haimwachi mtu mwembamba."

Unaweza kudhani mwanamke kama huyo alikuwa wa kwanza kupimwa. Hakuwa. Kila mwaka Shusha Bega alimbembeleza, na kila mwaka Dada alikuwa na jibu. "Mtu mzima na akili zake anakwenda kujitafutia ugonjwa mwenyewe, tena anajiandikisha!" Au: "Nimenyonyesha wanangu wanne na wewe wa tano. Haya matiti yameshafanya kazi yake, yaacheni yapumzike." Ukimbana sana alibadilisha mazungumzo, akakupima mabega kwa macho na kuuliza kama bado unavaa saizi ileile.

Hofu ya mtu anaijua mwenyewe. Nafikiri Dada alimzika mama yao aliyefia hospitali, na tangu hapo hakutaka kabisa kulala juu ya kitanda cha hospitali.

Kisha ikaja ile Jumanne.

Ilikuwa wiki ya upimaji wa bure. Redio ilitangaza, wanawake wakaja kutoka kila upande. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimeandika majina arobaini na matatu. Mashine ilikuwa imechoka kuliko sisi. Kila baada ya watu wawili au watatu ilipata joto, ikazima yenyewe, nasi tukakaa dakika kumi kuisubiri. Tulijua hatutawamaliza. Benchi zilijaa, wengine walisimama ukutani, na maneno yalishaanza.

Kama saa tano hivi nikamwona Dada anaingia koridoni. Hakuwa amemwambia mtu. Alivaa gauni lake zuri la bluu, mkoba kwapani, uso umeoshwa bila poda wala marashi, maana miaka yote hiyo ya kukataa alikuwa akiyasikiliza masharti ya mdogo wake, kwamba anayekuja kupigwa picha asijipake kitu. Alisimama mbele ya meza yangu akitweta kidogo.

Wakati huohuo Shusha Bega alitoka na faili mkononi.

"Dada! Umekuja?"

"Nimekuja mwenyewe. Baadaye usiseme nilivutwa kwa kamba."

Mama mmoja wa benchi la mbele, aliyekuwa pale tangu alfajiri, akageuka kwa wenzake. "Haya," akasema, na hakupunguza sauti, "ndugu wa wenye mlango wameshafika. Sisi twendeni tukalale."

Wengine wakaguna. Nikamwona Shusha Bega anapandwa na joto shingoni. Nadhani kama mama yule asingesema, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini alisema.

"Dada yangu," Shusha Bega alisema, akimshika mkono, "leo tumejaa. Wewe mwenyewe unaona. Njoo Alhamisi asubuhi, nitakupiga wa kwanza kabisa."

Dada alitazama benchi, akatazama mlango wa namba sita. "Sawa, mdogo wangu," akasema. "Kazi kwanza." Akaniaga na mimi, akaondoka kwa mwendo wa haraka.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Ningeweza kuandika jina lake mwisho wa orodha nikamwambia akae, angoje zamu yake kama wengine. Wazo hilo halikunijia. Jioni tuliwarudisha wanawake wanane ambao hatukuwafikia, na Alhamisi walirudi sita.

Dada hakurudi. Ilikuwa karibu na kufungua shule na masweta yalikuwa yanadaiwa. Baadaye shemeji, yaani mume wa Dada, alivunjika mguu bafuni. Halafu shule zikafungua tena. Na Shusha Bega, aliyekuwa akimsumbua kila mwaka, sasa alinyamaza. Aliniambia kwamba kila akitaka kumkumbusha, aliona haya. Utamwambiaje mtu "njoo" wakati alikuja ukamwambia "nenda"?

Siku moja, baada ya miaka miwili na zaidi, simu ikalia. Mfanyakazi mmoja wa karakana alikuwa amekatwa titi, na Dada alikwenda kumwona. "Kesho nakuja," akamwambia mdogo wake. "Na safari hii usinirudishe." Alisema kwa kucheka. Shusha Bega naye alicheka, akakata simu.

Hakukuwa na watu wengi asubuhi hiyo. Dada aliingia wa kwanza. Yaliyotokea ndani alinieleza baadaye, zaidi ya mara moja.

Dada alivua nguo hadi kiunoni, akaweka mikono kiunoni kama mtu aliyekuja kugomba. "Haya, yaangalie. Si mageni kwako."

Wakacheka. Wakaanza na kushoto, picha mbili, safi. Wakahamia kulia. Shusha Bega alimpanga, akamshika bega, akateremsha kibao taratibu. Dada alikunja uso. "Mama wee! Watu mnawafanyia hivi kila siku na bado wanawasalimia?"

"Usipumue, Dada."

Akaenda nyuma ya kioo, akabonyeza. Picha ikaja.

Kwenye picha hizo mafuta ya titi huonekana ya kijivu cheusi na nyama yake kama nyuzinyuzi nyeupe. Upande wa juu, karibu na kwapa, palikuwa na doa jeupe kali, lenye upana wa kifungo cha koti, na miale imetoka pande zote, kama vile mtu amevuta uzi katikati ya sweta na nyuzi zote za jirani zikakimbilia hapo. Shusha Bega alishaona madoa ya namna hiyo mamia. Mengine humpa mtu mashaka, ukasema labda, ukasema tungoje daktari. Lile halikuwa la labda.

Ziwa lile ndilo lililomlea.

Sheria ya kazi yake ni kwamba anayepiga picha hasemi. Anayesoma ni daktari. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameutunza uso wake nyuma ya kile kioo, na wanawake walitoka bila kujua kama ameona kitu au hakuona. Alidhani ataweza.

"Bado moja," akasema. Akampanga tena, kwa ubavu, akapiga. Doa lilikuwepo.

"Vipi?" Dada akauliza.

"Tumemaliza. Vaa tu, Dada. Majibu atatoa daktari."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Mimi napiga tu, Dada. Sisomi."

Dada akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alipofika cha mwisho akasema, "Tangu ukiwa mdogo, ukidanganya unameza mate." Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Usilie hapa kazini. Kuna watu nje."

Na kweli hakulia. Alitoka, akanipa faili bila kunitazama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Anayefuata." Siku ile alipiga picha wanawake wengine tisa. Nilimsikia kupitia mlangoni akiwaambia walegeze shingo, akiwatania kama kawaida. Saa kumi jioni alifunga chumba, akapitia mlango wa nyuma, sikumwona tena siku hiyo.

Madaktari wakatoa kinyama kwa sindano, kikapimwa. Daktari wa upasuaji akawaita: Dada, binti yake mwalimu, na Shusha Bega. Shemeji alibaki nje na gongo lake la kutembelea kwa sababu alisema hawezi kuvumilia kusikia. Daktari alieleza kwamba ni saratani, kwamba imeshafika kwenye tezi za kwapa, na picha nyingine zilionyesha imegusa mifupa ya mgongo. Watakata, watatoa dawa za dripu, watajitahidi. Hakusema itapona.

Mwalimu alisubiri mpaka mama yake alipotoka kwenda kupimwa damu. Ndipo akauliza, "Daktari, ingeonekana mapema?"

"Inategemea. Mwaka mmoja nyuma, bila shaka ingeonekana. Miaka miwili, huenda, huenda isionekane. Siwezi kukwambia kwa hakika, na ningekudanganya nikijaribu."

Mwalimu akamgeukia mama yake mdogo. Alikuwa anataka tu pa kushika. "Si wewe ulimwambia kila mwaka? Huyu mama ni mkaidi! Angekuja hata mara moja tu!"

Hapo Shusha Bega angeweza kunyamaza. Dada hakuwa amemwambia mtu habari ya ile Jumanne, na mimi nisingesema. Aliniambia kwamba alitafuta namna ya kunyamaza na hakuipata.

"Alikuja," akasema. "Nikamrudisha."

"Ulimrudisha wapi?"

"Nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walisema. Nikamwambia aje Alhamisi."

"Lini?"

Akamtajia mwezi. Mwalimu hakuhitaji kalamu. "Miezi ishirini na sita," akasema. Akachukua koti lake juu ya kiti. "Ulimwogopa mtu wa benchi," akasema, "ukamrudisha mama."

Daktari aliangalia meza yake. Mwalimu alitoka, na tangu siku hiyo hakumwita tena mama mdogo. Hakumwita kitu chochote. Wakikutana kwenye kitanda cha Dada walizungumza habari za vidonge tu: vya saa mbili ameshakunywa, vya saa nane bado.

Ugonjwa ulichukua miezi kumi na minne. Titi lilikatwa. Nywele zikaondoka, zikarudi laini kama za mtoto, zikaondoka tena. Karakana ilifanya kazi muda wote, maana Dada alitoa amri kutoka kitandani, na sweta lililofumwa vibaya alilijua kwa kulipitisha mkononi akiwa amefumba macho. Kila Shusha Bega alipotoka kazini alikwenda kumwogesha. Kovu lilikwenda kutoka kifuani hadi chini ya kwapa, na alilipitia kwa kitambaa cha uvuguvugu, kidogokidogo, akiogopa hata maji yasimuumize.

Siku moja alishindwa. Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, akaanza, "Dada, ile siku uliyokuja—"

"Nilijua utafika hapo," Dada akamkatiza. "Nisikilize. Ile siku ulivyoniambia nirudi nyumbani, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilitoka pale mbio kama mtoto aliyeambiwa mwalimu hayupo. Nikaingia dukani nikajinunulia viatu. Kila ulipokuwa unanyamaza, nilisema afadhali amesahau."

"Lakini mimi ndiye niliyekuambia uende."

"Umeniambia mangapi nisiyoyasikia? Hilo nililisikia kwa sababu nililipenda." Akapumzika kidogo, maana kuongea kulimchosha. "Hilo kosa tugawane, mdogo wangu. Usilibebe peke yako, utafikiri mimi nilikuwa mzigo."

Shusha Bega aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Dada akamwekea mkono kisogoni, ule mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umevimba na hauinuki.

"Na mwanangu," Dada akaongeza, "atakuchukia kwa muda. Mwache. Ila apimwe. Kila mwaka. Hilo nakuachia wewe."

"Hataki hata kunitazama."

"Sikusema akutazame. Nimesema apimwe."

Ningependa kusema maneno hayo yalimponya. Hayakumponya. Aliniambia kusamehewa na Dada ndiko kulikomvunja kabisa, kwa sababu hakubaki na mtu wa kumwomba.

Dada alikufa asubuhi, saa nne kasoro. Simu ilipigwa mezani kwangu kwa sababu Shusha Bega akiwa ndani simu yake huizima. Alikuwa shemeji. Hakuweza kumaliza sentensi, na hakukuwa na haja. Nikanyanyuka, nikazitembea zile hatua sita, nikagonga.

Mlango ukafunguka upana wa uso. Nyuma yake mwanamke alikuwa amesimama kwenye mashine, kibao kimeshashuka. Shusha Bega akanitazama tu, akajua.

"Bado picha moja," akasema taratibu. "Nikimwachia sasa, itabidi nimbane tena."

Akafunga mlango. Nikabaki pale nje nimeegemea ukuta. Nikasikia, "Usipumue, mama." Nikasikia mlio wa mashine. Nikasikia, "Pumua. Ahsante, tumemaliza, vaa tu." Akatoka, akavua lile sweta jeupe lililokuwa kubwa mno, akalikumbatia kifuani, akakaa chini pale pale koridoni. Wanawake wa benchi ndio waliomwinua.

Baada ya mazishi alipewa likizo. Aliporudi aliomba kuhamishwa, asipige matiti tena. Wakampeleka kwenye mifupa. Mwezi mzima alipiga picha miguu iliyovunjika na vifua vya wenye kikohozi. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mwenye bidii, lakini wanawake walitoka wakilia, na picha zilikuwa na mapengo. Daktari aliyesoma picha zile alinung'unika kila siku. Asubuhi moja nilifika nikakuta ile chupa ya maji ya moto iko mezani kwenye namba sita, na yeye anapangusa mashine.

Alibadilisha jambo moja. Mwanamke yeyote aliyekosa kufikiwa hakuondoka bila kuandikiwa siku na kuacha namba ya simu, na siku hiyo ikifika Shusha Bega alimpigia mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asipokuja, alimpigia tena kesho yake. Wapo waliomtukana. Mmoja alimwambia anadai matiti yake kama deni. "Nitukane ukiwa njiani," akamjibu. Mara mbili niliona wanawake wa simu hizo wakikutwa na kauvimbe kadogo kabisa, kanakotibika, wakapona. Aliwafurahia. Lakini nilimwona pia, wakishaondoka, akikaa na kuitazama ile korido.

Mwalimu alikuja mwezi wa saba baada ya kuzika. Aliweka fomu juu ya meza yangu.

"Nimekuja kupimwa. Nipangie mtu mwingine."

"Mtu mwingine hayupo, mwalimu. Ni yeye tu."

Akakaa mwisho wa benchi. Wakaingia watu sita, na wakati wake ulipofika akampisha aliyemfuata, kisha akampisha mwingine. Mwishowe benchini akabaki yeye tu. Shusha Bega akafungua mlango, akamwona, wala hakumwita. Aliuacha wazi, akarudi ndani. Mwalimu akanyanyuka.

Walikaa humo karibu saa nzima, na kazi yenyewe ni ya dakika kumi na tano. Shusha Bega aliniambia kwamba picha mbili za kwanza zilitoka vizuri, tatizo likawa ya tatu. Alimwambia usipumue, na mwalimu akashindwa. Kilio kilimjia akiwa amebanwa pale pale, mwili mzima ukatikisika, na picha ikatoka na ukungu. Shusha Bega akainua kibao, akangoja. Wakajaribu tena, ukungu. Alikuwa anataka kumkumbatia na hakujua kama ana haki hiyo, kwa hiyo alimshika tu kiwiko.

"Nakuona wewe namwona yeye," mwalimu akasema. "Ndiyo maana siwezi kuja kwako."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua. Sikungoji unisamehe. Nangoja utulie, nipate picha."

Waliporudia, picha hiyo ilitoka vizuri, na ya nne nayo. Daktari alizisoma siku ileile. Matiti yote mawili yalikuwa safi. Nilipompa mwalimu majibu aliyasoma mara mbili, akayatia mkobani, akauliza kama tarehe ya mwakani anaandikiwa sasa hivi. Nikamwandikia. Akapitia mlango mkubwa bila kuaga chumba namba sita.

Sasa imepita miaka mitatu. Mwalimu huja kila tarehe yake ikifika, hukaa benchini, huingia, hutoka. Nyumbani kwa mama yake mdogo hajakanyaga. Shemeji aliuza mashine nne za kufuma, akabakiza moja ambayo hakuna anayejua kuitumia. Na Shusha Bega, siku mwalimu anapokuja, hufika kazini saa moja kabla yetu sote, na jioni yake hupitia mlango wa nyuma.